Kijani cha Mzee Pyo

Mimi ni mkutubi, na nimechoka. Nalisema mapema ili nikianza kufoka katikati ya hadithi usinilaumu. Jina langu Yeom Suk-hui, kiongozi wa kitengo cha huduma kwa wasomaji katika maktaba ya chuo kikuu kimoja huku kusini mwa Korea, na kwa karibu miaka miwili nilikuwa na kazi moja tu iliyonikosesha raha: kuhakikisha kurasa zetu za mtandaoni zinafanana.

Usicheke. Kila somo chuoni lina mwongozo wake mtandaoni. Mwanafunzi wa uuguzi anafungua wa uuguzi, anaambiwa aanzie wapi kutafuta vitabu na majarida, na amwulize nani akikwama. Sasa, kila mwongozo uliandikwa na mkutubi wa somo hilo, kwa namna alivyojisikia siku hiyo, na matokeo yake yalikuwa balaa tupu. Wa muziki ulikuwa na maua ya waridi pembezoni. Wa sheria ulijaa maandishi mekundu, utadhani msomaji ameshahukumiwa. Wa kilimo ulifunguka na picha ya mbwa wa mkutubi mwenyewe, na hakuna aliyewahi kutueleza mbwa yule anahusikaje na mpunga. Hapa majarida yako juu, pale yako chini, kwingine hayapo kabisa. Mwanafunzi aliyezoea mmoja akifungua wa pili anakuwa mgeni upya.

Mkurugenzi wetu ni Profesa Guk, mtu wa uhandisi wa madaraja, aliyepewa maktaba kwa zamu kama maprofesa wote wanavyopewa. Siku ya kwanza alifungua miongozo mitatu, akavua miwani, akasema, "Hii ni nyumba moja au soko?" Akaamuru mtindo mmoja. Na kwa kuwa sisi sote tulikuwa na kazi zetu, akaajiriwa mtu wa mkataba aje kuifanya. Ndiyo tukampata Tak Boreum.

Alikuja mwezi Machi, mwaka wa masomo unapoanza. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mpole, na mchapakazi mpaka unaona haya. Kitu kimoja tu kilinikera kwake. Ofisini kwetu kila mtu ana kandambili zake chini ya meza, na juu ya sinki la jiko letu dogo kuna rafu ya vikombe vyenye miswaki, maana tukishakula chakula cha mchana tunasimama pale kwa zamu na kupiga mswaki. Boreum alikuwa anakuja na kandambili na mswaki ndani ya mfuko, na jioni anaondoka navyo. Kila siku. Mezani kwake hakuna ua, hakuna picha, hakuna hata kikombe.

"Mdogo wangu," nilimwambia siku moja, "unaogopa tutakuibia mswaki?"

Akacheka kidogo. "Nimezoea, Kiongozi. Hii ni maktaba yangu ya nne. Siku ya kuondoka ukiwa na vitu vingi, unatafuta boksi huku watu wanakuangalia. Mimi boksi silipendi."

Sheria ya kazi ya nchi yetu inasema mtu wa mkataba akivuka miaka miwili mahali pamoja, huwezi tena kumwambia kwaheri ovyo, anakuwa wenu. Ni sheria nzuri, ilitungwa kumlinda. Na kwa sababu ni nzuri, ofisi nyingi zimejifunza kumtoa mtu mlangoni kabla hajavuka. Boreum alikuwa ametolewa mara tatu. Mkataba wake kwetu ulikuwa wa miezi sita sita, na Bwana Ma, mkuu wa utawala, alikuwa ameuandika kwa mkono wake mwenyewe: utaendelea mpaka kazi ya miongozo ikamilike.

Haya, kazi ikaanza. Boreum alitengeneza kiolezo kimoja, yaani umbo ambalo miongozo yote ingelivaa, na sheria za uandishi za kukifuata. Alikuwa na kasi ya ajabu. Mimi nilisema moyoni, mwaka huu hauishi, tutakuwa tumemaliza na mimi nitalala usingizi.

Nilikuwa nimemsahau Mzee Pyo.

Pyo Gi-taek ni mkutubi wa historia, mkubwa kuliko sisi sote kwa umri, nywele nyeupe, anakunywa kahawa ya pakiti tangu asubuhi mpaka jioni na anakoroga kwa karatasi ya pakiti yenyewe. Alikuwa mjumbe wa kamati ya miongozo, na Mungu ndiye shahidi yangu, sijawahi kumwona mtu mwenye neno kama yule. Kila kikao tukikaribia kupitisha jambo, anakohoa.

"Kiongozi, nina neno dogo."

Jamani, hilo neno dogo! Kwanza alitaka vichwa vya sehemu vikae kushoto. Boreum akavihamishia kushoto. Kikao kilichofuata akasema kushoto kunachosha jicho, virudi juu. Kisha akaleta mjadala wa heshima: je, msomaji tumwambie kama mkubwa wetu, au kama mdogo wetu? Maana lugha yetu haikuachi useme na mtu kabla hujaamua yeye ni nani kwako. Wengine wakasema mwanafunzi ni mtoto, wengine wakasema mwanafunzi ndiye anayetulipa. Penye wengi pana mengi. Tulilumbana mpaka majani yakapukutika, na mwishowe tukarudi palepale Boreum alipokuwa amependekeza tangu mwanzo.

Halafu ikaja rangi. Boreum alikuwa amebuni alama ndogo ya duara mbele ya kila jarida: duara la kijani maana yake liko wazi kwa yeyote, duara jekundu maana yake uwe na nywila ya chuo. Safi kabisa, kila mtu aliipenda.

"Kijani hiki," akasema Mzee Pyo, akisogeza uso karibu na ukuta tulipoonyeshwa picha, "mimi hakinikai."

"Hakikukai vipi, Mzee?" nikauliza, na meno nimeyabana.

"Kimepoa mno. Tutafute kingine."

Tukatafuta kingine. Hicho kikawa kikali. Cha tatu kikawa cha kizee. Boreum anaandika kila kitu, anasema "Sawa, Mzee," anakwenda kubadilisha. Mimi nikitoka pale kichwa kinagonga. Nikifika nyumbani mume wangu ananiuliza, "Leo Mzee Pyo kasemaje?" Nikisikia jina tu hamu ya kula inaniisha. Nilimchukia yule mzee, nasema kweli, kwa chuki ya mtu aliyechoka, ambayo haina hata nguvu ya kugombana.

Ikapita baridi ya kwanza, likapita joto, ikaja baridi ya pili. Kila miezi sita Bwana Ma anasaini mkataba mpya wa Boreum huku akinung'unika kwamba hajaona kazi inayotambaa namna hii.

Mwezi Januari akaniita ofisini kwake. Akafunga mlango.

"Kiongozi Yeom, kikao cha Februari ndicho cha mwisho. Wakaguzi wanakuja msimu wa machipuko, Mkurugenzi amemwahidi Rais wa chuo kwamba miongozo itakuwa tayari. Mpitishe, tufunge."

"Itategemea wajumbe, Bwana Ma. Unamjua Mzee Pyo."

Akatabasamu. "Mzee Pyo siku hiyo nimempeleka Seoul, kwenye mafunzo ya kuhifadhi nyaraka. Ana bahati, atalipiwa na chakula." Kisha akashusha sauti. "Na mwishoni mwa Februari yule binti anatimiza miaka miwili. Sitaki kuumwa kichwa. Unanielewa."

Nilimwelewa. Mpaka siku ile nilikuwa sijaikumbuka kalenda ya Boreum. Mtu aliyechoka huhesabu uchovu wake mwenyewe tu. Nilitoka nikajiambia, Suk-hui, wewe ni nani? Hukuandika mkataba wewe. Kazi ikiisha, imeisha. Na ndani ya moyo wangu, niseme yote, nilifurahi kwamba Mzee Pyo hatakuwepo.

Siku hiyo hiyo baada ya chakula nikamkuta Mzee Pyo sinkini, mdomo umejaa povu. Tulikuwa wawili tu. Na mimi sijui nini kilinipata, labda ni ile supu ya mifupa iliyonipa nguvu, nikalipuka.

"Mzee Pyo, leo utaniambia. Nimekukosea nini? Umenitesa karibu miaka miwili kwa ajili ya kijani! Kijani, Mzee! Kuna watu wana matatizo duniani!"

Akatema povu, akasukutua, akafuta midevu taratibu.

"Kiongozi," akasema, "mimi kijani na chekundu kwangu ni mamoja. Tangu nizaliwe. Hata ukinichinja leo siwezi kukwambia kipi ni kipi."

Nikabaki nimeshika mswaki.

"Sasa ulikuwa unabishania nini?"

"Niliwaona wengine wakikaa meza ile kabla ya Boreum. Wawili walikuwa wazuri kuliko mimi. Kila mmoja alimaliza kazi mapema ili tumpende. Tukampenda, tukampa maua, tukamsindikiza kwenye basi." Akauweka mswaki kwenye kikombe chake. "Huyu nikasema asimalize. Mkataba si unasema mpaka ikamilike? Basi isikamilike. Nilidhani nitaweza kuisukuma mpaka Machi. Huyo Ma ni mjanja, kanipa Seoul."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Wewe una cheo, una bosi. Mimi nastaafu, nikionekana mzee mkorofi nani atajali?" Akachukua pakiti ya kahawa mfukoni. "Sikuombi kitu, Kiongozi. Ila usinichukie sana, unanikosesha usingizi."

Akaondoka na kandambili zake zikiburuza sakafuni. Nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Siku zilizofuata sikupata raha. Niliufungua mwongozo mmoja baada ya mwingine nikitafuta kosa. Kosa lolote, nilitaka kitu cha kushika. Wa uuguzi, safi. Wa sheria, mtulivu, hauhukumu mtu. Wa kilimo, mbwa ameondoka. Usione vyaelea, vimeundwa: yule binti alikuwa ameshona kila kitu mpaka huoni mshono. Mwisho nikamwita tukanywe chai, nikamwambia kwa kuzungukazunguka.

"Boreum, ungeacha hata kakosa kamoja. Mahali fulani. Tukaone kwenye kikao."

Alikuwa anajua, watu kama yeye wanaijua kalenda kuliko jina la mama yao.

"Kiongozi, nashukuru. Kweli nashukuru. Lakini mimi sina nyumba, sina cheo, nina kazi yangu tu. Nikiiharibu kwa mkono wangu ndipo nibaki, nitakuwa nimebaki nani?" Akameza chai. "Na Mzee Pyo mwambie ahsante. Nilimfahamu tangu kile kijani cha pili. Yeye anadhani hajulikani."

Nikarudi mezani kwangu nimechoka kuliko nilivyokuja.

Siku ya kikao theluji nyepesi ilikuwa inaanguka, ile isiyokaa. Profesa Guk aliketi mbele, Bwana Ma kulia kwake na kalamu mkononi, sisi wajumbe pembeni, kiti cha Mzee Pyo kitupu. Boreum akaonyesha miongozo yote, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti yake ya upole. Chini ya kiti chake niliuona mfuko wake. Ulikuwa umejaa. Nikafahamu kwamba amebeba na vile vitu vidogo vya kwenye droo.

"Vizuri sana," akasema Profesa Guk. "Sasa inaonekana nyumba moja. Kuna mwenye neno, au tupitishe?"

Wajumbe walitazama saa. Chakula kilikuwa kimekaribia. Bwana Ma akafungua kalamu.

Nilitaka kupitisha. Nasema kweli, kila mfupa wangu ulitaka kupitisha, niende nikale tambi, nikalale, nisisikie tena neno mwongozo mpaka nastaafu. Halafu nikasikia mtu anakohoa. Ni mimi.

"Mkurugenzi, nina neno dogo."

Wajumbe wote waligeuka. Mkutubi wa muziki akafumba macho kama mtu aliyepigwa kibao.

"Sema, Kiongozi Yeom."

"Ni kuhusu... kijani hiki."

"Kina nini?"

Hapo nikakwama. Kina nini? Kichwani hamna kitu. Bwana Ma alinikazia macho mpaka nikahisi joto shingoni. Nikasema kilichokuja mdomoni.

"Mzee Pyo hakioni."

Mtu akacheka. Profesa Guk hakucheka. "Hakioni kivipi?"

"Kijani na chekundu kwake ni mamoja, Mkurugenzi. Ameniambia mwenyewe. Kwa hiyo yeye akifungua mwongozo wake mwenyewe wa historia, hajui jarida lipi liko wazi na lipi limefungwa. Yote ni maduara tu." Na nilipokuwa nayasema ndipo nilipogundua kwamba ninayoyasema ni kweli. Nilikuwa nimetafuta kosa siku nenda siku rudi, kumbe lilikuwa limesimama sinkini mbele yangu likisukutua. "Na kama yeye hajui, wako wanafunzi wangapi wasiojua na wanaona haya kuuliza?"

Profesa Guk akavua miwani. "Marehemu baba yangu alikuwa hivyo," akasema. "Alikuwa anavuka barabara kwa kuwafuata watu." Akaifuta miwani kwa tai. "Hatuwezi kuonyesha wakaguzi kitu ambacho mkutubi wetu mwenyewe hawezi kukisoma."

"Lakini Mkurugenzi," Bwana Ma akaingilia upesi, "hilo si jambo la kufunga kikao! Tuliambiwa kila kitu kiko kwenye kiolezo kimoja. Ukibofya mara moja, rangi inabadilika kote. Au nimekosea? Bi Tak, si dakika moja tu?"

Wote tukamgeukia Boreum. Bwana Ma alikuwa na haki: rangi ni dakika moja, kila mtu wa kazi hii anajua. Na yule binti hajui kusema uongo juu ya kazi yake. Alikuwa ameshaniambia.

Aliutazama mfuko wake chini ya kiti. Kisha akainua uso.

"Rangi ni dakika moja, Bwana Ma. Ni kweli. Lakini rangi nyingine haimsaidii asiyeona rangi. Inabidi kila jarida liandikwe neno mbele yake, wazi au nywila, na neno ukiliandika lazima liwe kweli. Kiolezo hakijui lipi liko wazi leo. Mengine yamefungwa tangu tuweke alama. Ni kufungua moja moja, mwongozo kwa mwongozo, kwa mkono." Nilimwona akipiga hesabu kwa haki, bila kujipendelea hata kidogo. "Nikifanya haraka, mwisho wa Aprili. Kosa ni langu, Mkurugenzi. Nilipaswa kuliona. Naomba radhi."

Akasimama, akainama.

"Kosa la kuonwa si kosa," akasema Profesa Guk, akavaa miwani. "Wakaguzi wanakuja Mei. Aprili inatosha. Bwana Ma, mwongezee mkataba, huyu ndiye anayejua kazi."

"Mkurugenzi, kuna suala la... la muda wake, tutazungumza pembeni..."

"Tuzungumze nini? Wewe utayafungua hayo majarida moja moja?"

Wajumbe wakacheka. Bwana Ma hakucheka. Aliandika, na kalamu yake ilikwaruza karatasi mpaka nikadhani itatoboa. Baadaye kwenye korido aliniambia maneno ambayo sitayarudia, na mwaka ule jina langu halikuwemo kwenye orodha ya waliopandishwa. Sikushangaa. Nilikwenda nikala tambi zangu peke yangu, zikiwa zimepoa, na nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwaga mchuzi kwenye blauzi na sikujali.

Mzee Pyo aliporudi kutoka Seoul alinikuta nakoroga kahawa.

"Kiongozi, nasikia umenipora kijani changu."

"Nyamaza, Mzee. Umetangazwa ofisi nzima sasa, kila mtu anajua huoni rangi."

Nilidhani atatania. Badala yake akaketi kwenye kiti cha mgeni, akaushika mkono wangu kidogo, jambo ambalo watu wa umri wake hawalifanyi. "Miaka yote nilikuwa namwuliza mtu wa pembeni, hili jarida liko wazi? Nikijifanya sina miwani," akasema. "Niliona haya. Nilibisha kila kitu isipokuwa hilo." Kisha akainuka, akakohoa. "Na ile picha ya mlangoni kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa kweli haijanikaa."

"Mzee Pyo!"

Akaondoka anacheka.

Machi ikaingia. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna keki. Karatasi ilipita mezani kwa Bwana Ma ikarudi imesainiwa, na Boreum aliendelea kufungua majarida moja moja, akiandika wazi, nywila, wazi, nywila. Jioni alibeba mfuko wake kama kawaida. Kesho yake akabeba tena. Nikasema moyoni, mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, mwache.

Siku moja mwishoni mwa mwezi nilichelewa kumaliza kula. Wenzangu walikuwa wameshatoka sinkini. Nilinyosha mkono kuchukua mswaki wangu, macho nusu yamefumba, maana usiku nilikuwa sijalala vizuri na saa nane kulikuwa na kikao cha picha ya mlangoni. Nikashika mswaki usio wangu. Wa bluu, mpya, bado umelowa. Nikautazama. Ulikuwa kwenye kikombe kipya, kikombe cha udongo chenye ufa mdogo, kimesogezwa mwisho kabisa wa rafu, pale ambapo hakitamsumbua mtu.

Nikaurudisha taratibu. Kisha nikavisogeza vikombe vyetu vyote, changu, cha Mzee Pyo, cha yule wa muziki, nikakivuta kile kikombe nikakiweka katikati.